Mafundi wanaogonga mabomba ya kinanda bila kupima joto wala upepo: mnaua vyombo!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitazunguka. Vinanda vya mabomba vilivyomo makanisani huku Ujerumani na Uingereza, vingine vimepita miaka 300, vinauawa na watu wanaolipwa kuvitunza. Silaha yao ni koni ya kutyunia, yaani kifaa cha chuma chenye umbo la pia cha kugongea mdomo wa bomba ili sauti yake ikae sawa.

Kila Desemba ni yaleyale. Kanisa la mawe limekaa na baridi ya nyuzi 8 wiki nzima. Jumamosi hita zinawashwa, mpiga kinanda anafungua safu ya mabomba iitwayo tarumbeta pamoja na ile ya filimbi kuu, hazipatani hata kidogo. Fundi anaitwa mbiombio kabla ya Krismasi. Anapanda ndani, hapimi joto, hapimi upepo, anaanza kugonga.

Sauti ya filimbi, yaani bomba lisilo na ulimi ndani, inategemea hewa iliyomo ndani yake, na hewa ikipoa mwendo wa sauti unapungua. Nyuzijoto 1 inasogeza filimbi kwa senti 3 hivi, ambapo nusu toni ni senti 100. Kinanda kilichotyuniwa noti ya A itikisike mara 440 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 kitakuwa karibu 432 kwenye nyuzi 10. Filimbi zote zinashuka pamoja, kwa hiyo zenyewe kwa zenyewe bado zinaelewana. Mabomba ya ulimi, kama tarumbeta na oboe, hayasogei sana, kwa sababu sauti yake inashikwa zaidi na ulimi wa shaba ya manjano. Sikio linakwambia tarumbeta imepanda, kumbe filimbi ndizo zilizoshuka. Dawa ni kuzirekebisha hizo safu chache za ulimi, kila moja mabomba 50 hadi 60, kwa waya wake: ukiushusha, ulimi unafupika na sauti inapanda, ukiuinua, inashuka. Anayeng'ang'ania 440 ya mashine yake ya kupimia sauti atagonga filimbi zaidi ya 1,000 katika kinanda cha wastani, halafu joto likirudi atagonga tena kuzirudisha.

Hita zikishawaka mambo ni mabaya zaidi. Hewa ya moto inakwenda juu: safu za juu zinapata nyuzi 22 wakati besi za chini ziko 15. Hiyo ni tofauti ya senti 20 ndani ya kinanda kimoja. Hapo hapatyuniwi kitu. Joto litulie kwanza, angalau siku nzima, likiwa lilelile litakalotumika kwenye ibada. Hata ukishika bomba dogo kwa kiganja unalipasha moto na linapanda, ndiyo maana fundi wa kweli analigusa kwa chombo, anasubiri, kisha anasikiliza upya mapigo, yaani mtetemo unaosikika sauti mbili zisipolingana.

Kugonga kunaua vipi? Bomba dogo lililo wazi juu hutyuniwa kwa koni: ukiubana mdomo wa juu sauti inashuka, ukiupanua inapanda. Bati na risasi ni metali laini. Kila pigo la koni linausukuma mguu wa bomba kwenye tundu la sanduku la upepo, lile ambalo mabomba yanasimama juu yake. Ncha ya mguu inajikunja, tundu lake linaziba kidogo kidogo, upepo unapungua, sauti inanyong'onyea na kushuka. Fundi asiyejua anaona "limeshuka" na anagonga tena ili alipandishe! Baada ya miaka kumi ya huduma hiyo, kingo za juu zimepasuka na miguu imebonyea. Ndipo anapoleta bili ya pili: kuyakata mabomba juu na kuyavisha pete za kutelezesha, za kurefusha au kufupisha bomba. Bomba la karne ya 17 likishakatwa, urefu wake wa asili umepotea, na pamoja nao ushahidi wa jinsi lilivyotyuniwa zamani. Haurudi.

Upepo nao. Mrija wa U wenye maji, wa kupimia nguvu ya upepo kwa milimita ambazo maji yanasukumwa, unatengenezwa kwa bei ya chai, lakini hawabebi. Kama daftari la kinanda linasema milimita 70 za maji na wewe unasoma 62 kwenye sanduku, tafuta mwanya unaovuja kwenye njia ya upepo kutoka kwenye mvukuto. Milimita 1 ni sawa na kilo 1 kwa kila mita mraba, kwa hiyo mvukuto wenye bamba la mita mraba 2 unahitaji kilo 140 kufikia 70, uzito wa bamba lenyewe ukiwemo. Wao wanaongeza matofali ya kilo 16, kipimo kinarudi 70, na mwanya unaendelea kuvuja. Kisha kamati ya kanisa inaambiwa kinanda "kimezeeka".

Na silikoni! Hewa ya hita ikikauka, ubao wa sanduku la upepo unapasuka na noti jirani inalia bila kubonyezwa. Ufa unazibwa kwa kipande cha mbao na gundi ya moto ya ngozi, ambayo fundi wa baadaye ataweza kuifungua. Ukishapaka silikoni, gundi ya kawaida haishiki tena hapo. Gundi nyeupe ya dukani nayo inatoa mvuke wa asidi ya siki, kama mwaloni mbichi unavyofanya, na asidi hiyo inakula risasi. Kutu ya mabomba ya kinanda cha Stellwagen, kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Lübeck, Ujerumani, iliwafanya watafiti wa Göteborg, Uswidi, walichunguze tatizo hili kwa miaka. Yote yamechapishwa. Kutokujua si kisingizio.

Wanakamati mnaosoma hapa: fundi asipoandika kwenye daftari la ndani ya kinanda nyuzijoto, milimita za upepo na kila bomba aliloligusa, msimlipe. Na akitoa koni kabla ya kipimajoto, mteremsheni ngazi.