Mke wangu ana slivu, katoka kwenye wiki ya harusi, sasa anataka "kurudisha tumbo" kwa maji siku tano. Msaada

Baba Nasra
Habari zenu wakuu. Mama watoto alifanyiwa ile operesheni ya kupunguza uzito, slivu, wanakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, mwaka juzi mwishoni. Namshukuru Mungu imemsaidia, presha imetulia, magoti hayamsumbui tena, ngazi za kwetu anapanda huku anaongea na simu. Sasa wiki iliyopita mdogo wake kaolewa. Mnazijua shughuli zetu, kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe, halafu kuvunja kamati, kote huko ni pilau, kuku, keki na soda, na ukibakiza kwenye sahani mashangazi wanakuuliza mimba au unaumwa. Hakula sahani nzima maana haiwezekani, ila alikuwa anadonoa donoa kutwa, mara kitumbua, mara keki, mara juisi ya ukwaju.

Juzi kapanda mzani, kilo mbili na nusu zimeongezeka. Kakaa kitandani analia, eti tumbo limeshapanuka na hela imekwenda bure (saccos bado wanatudai). Kaona video ya dada mmoja anafundisha kurudisha tumbo liwe dogo kama siku ya operesheni, siku za mwanzo maji na supu iliyochujwa tu, baadaye uji, mpaka siku ya tano. Ameshaanza, kichwa kinamgonga, watoto wanapita ukutani ukutani wakimkwepa, na vitamini kaacha kwa sababu zinamchafua akimeza na tumbo tupu. Nikifungua mdomo naambiwa tumbo si langu.

Naomba kujua, hizo siku chache zinaweza kupanua tumbo kweli? Hiyo ya siku tano inafanya kazi? Na namsaidiaje bila kugeuka polisi wa jikoni?

Kamanda Mkavu
Mamilioni yote hayo kwa kitu ambacho dawa yake ni kufunga mdomo na kukimbia asubuhi. Wanawake bwana

mamake_junior
Kamanda we pita tu, hapa hujaitwa.

Shem pole, na mwambie dada pole. Mimi nina slivu pia na huo mzani naujua unavyotisha watu. Piga hesabu kidogo, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo ili anenepe kilo mbili na nusu za kweli ingebidi ale zaidi ya kalori 19,000 JUU ya zile anazotumia kila siku, ndani ya siku chache, na kitumbo kile, angezipitishia wapi? Alichobeba ni maji. Ukila wanga mwingi mwili unaweka akiba, na kila gramu ya akiba inakaa na kama gramu tatu za maji, ongeza chumvi ya pilau, ongeza na choo ambacho hakijatoka maana shughulini hakuna anayekula mboga. Akirudi kula kawaida yanatoka yenyewe. Ndo maana hizo video zina mashabiki, mtu anakunywa maji siku tano, yale maji ya harusi yanatoka, anasema tumbo limerudi!! Yangetoka hivyo hivyo hata kwa mayai na mchicha.

Mzani ufiche kwanza. Mimi wangu uko juu ya kabati, napanda Jumamosi asubuhi basi.

Muuguzi wa Zamu
Nijibu la tumbo. Slivu inaondoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya tumbo, kinachobaki kina umbo la ndizi. Ile sehemu ya juu yenye kuvutika sana ndiyo inayokatwa, na ndiko inakotoka sehemu kubwa ya homoni ya njaa. Kilichobaki kinaweza kutanuka kidogo kidogo kwa miaka, ila shughuli ya wiki moja haikipanui kikabaki hivyo. Na kama hakikupanuka, hizo siku tano zinarudisha nini? Maji hayasinyaishi tumbo. Kinachosinyaa ni misuli, kwa sababu hapati protini.

Kawaida watu wa operesheni hizi wanaambiwa wafikishe gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa zinakaribia 20 au zaidi. Kwenye supu iliyochujwa hapo zipo ngapi? Aache hiyo ya video leo leo. Mlo unaofuata aanze na protini, kisha mboga, wanga mwisho kama nafasi ipo, ale taratibu. Maji asishushie chakula, asubiri kama nusu saa baada ya kula, lakini kwa siku nzima yafike lita moja na nusu au zaidi. Fidia yoyote ya kujinyima haihitajiki.

Swali muhimu, anatumia dawa za sukari au presha? Kama za sukari, kushinda na maji bila kumwambia daktari wake ni hatari kabisa, sukari inaweza kushuka akadondoka. Za presha nazo ukichanganya na kukaukiwa maji mtu anasimama anaona giza.

Bi Shufaa
Salaam kutoka Mombasa. Mie yangu ni baipasi, ile ya kuunganisha kijitumbo kidogo moja kwa moja na utumbo, si slivu, na sisi wa baipasi keki ya harusi hutuadhibu palepale. Kipande tu, haijatimia nusu saa moyo wenda mbio, jasho, tumbo lasokota, wataka kulala chini ya meza na bibi harusi bado akata keki. Wa slivu huwapata wengine lakini si sana, ndio maana kwao utamu wapenya kimya kimya. Kwa hivyo baba nakuuliza wewe, hiyo harusi yaisha, je siku za kawaida mkeo hula nini baina ya chakula na chakula? Maana nyama na mayai hukaa tumboni ukashiba, lakini biskuti, krispi, aiskrimu, chai ya sukari, juisi, hivyo vyateleza tu, wala tumbo halina habari, waweza kula kutwa na usisikie kushiba. Pilau la siku moja mie silihofii hata kidogo.

Baba Nasra
Muuguzi, dawa za sukari hatumii, presha alipunguziwa amebaki na kidonge kimoja.

Bi Shufaa umenigusa penyewe. Nimekaa naye jioni, sikuuliza kuhusu harusi, nikauliza tu dukani wanashindaje. Ana duka la vitenge, mbele yake kuna mama anauza kashata na karanga za sukari, na kila mteja mkubwa akija lazima soda zifunguliwe, ndo biashara. Kumbe ilianza zamani kabla hata ya kamati ya harusi kukaa. Alikuwa anaona haya kuniambia kwa sababu chakula cha nyumbani anakula vijiko vinne vitano anasema kashiba, mimi nampigia makofi. Kalia tena ila safari hii kala yai na kipande cha sato.

Kamanda, presha yake kabla ya operesheni ilikuwa inamlaza hospitali na alikuwa anatembea kila asubuhi. Basi tu.

mamake_junior
Haya sasa tunaongea. Soda za wateja aendelee kufungua, yake iwe chupa ya maji ya baridi, hakuna mteja anayekagua. Dukani aende na kikopo chake, mayai ya kuchemsha, au dagaa wa kukaanga wakavu, au mtindi usio na sukari, na ale kwa saa, asingoje njaa maana akingoja kashata itashinda. Nyumbani wewe kazi yako ni moja, biskuti na juisi za boksi zisiingie ndani, kwa wote, siyo zinafichwa yeye asizione huku Nasra anakula chumbani. Usimhesabie vijiko. Usimuulize "hiyo unaruhusiwa?" mbele za watu, hilo swali nililisikia sana kwa mama mkwe, nikaanza kulia chooni, kula chooni pia.

Na arudi kliniki. Wengi tukiongezeka tunakimbia kliniki kama tunadaiwa, wakati kwao mtu kuongezeka kilo kadhaa baada ya mwaka wa pili ni jambo la kila siku, si ajabu.

Baba Nasra
Asanteni sana, nimemsomea yote kasoro ya Kamanda. Anauliza vitamini aanzie wapi maana kaacha siku kadhaa, ameze zote kwa mpigo? Na jana alitapika mara moja baada ya yai, alikula haraka.

Muuguzi wa Zamu
Asirundike zilizopita, aendelee na za leo. Ameze baada ya kula kitu, kichefuchefu kitapungua. Ya madini ya chuma na ya kalisi zisikutane, ziachane saa mbili, na ile ya chuma asimezee chai, chai inazuia isifyonzwe vizuri.

Kutapika mara moja kwa kula haraka si tatizo. Ila kama atatapika kila anachokula kwa siku mbili tatu, au maji hayashuki, au maumivu makali tumboni, hapo hospitali bila kungoja kliniki. Na akianza kuona viwili viwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa au ganzi miguuni, hiyo inaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, ni dharura. Mkifika mseme mapema kwamba ana slivu na amekuwa akitapika, kabla hawajamtundikia dripu ya glukosi, kwa sababu B1 inatakiwa iingie kwanza. Hilo lishike wewe, yeye anaweza asiwe na nguvu ya kueleza.

Bi Shufaa
Na huyo mama wa kashata mwambieni auze pia korosho za chumvi, atapata wateja wawili.