Nipo umisheni Longido, posho imekata mwezi wa nne sasa. Nikisema nina shida ni kukosa imani?

Mwinjilisti_wa_Pasua
Bwana asifiwe wapendwa, na ambao hamsali heshima kwenu pia. Mimi ni mtu wa Moshi, mwinjilisti, mwaka jana mwezi wa tisa nilitumwa kuanzisha mtaa mpya (yaani kausharika kadogo) huku ndani Longido, ukiiacha lami ya Namanga ni kama masaa mawili kwa bodaboda na hapo mvua isiwe imenyesha. Nina mke na watoto wawili, mdogo hajafikisha miaka miwili. Walionituma tulikubaliana posho laki mbili na nusu kwa mwezi, mwanzoni ikaja vizuri, ikaanza kuja nusu, sa hivi mwezi wa nne haijaja kabisa na nikituma meseji najibiwa "tuombe mtumishi".

Nisiwachoshe. Dukani nadaiwa 86,000 mpaka nimeanza kupita njia ya nyuma. Wiki mbili zilizopita mdogo alishikwa na homa usiku, pikipiki ya karibu ni moja na mwenyewe alikuwa kaenda mnadani hajarudi, tukakesha tunamkanda na kitambaa cha maji huku tunaomba mpaka kulipokucha. Pale ndo mama watoto akaniambia kwa upole kabisa, baba Ima, hata Mungu anajua huyu mtoto anahitaji dawa. Yule mwanamke hajawahi kulalamika toka nimemuoa kwahiyo ile kauli imenikaa.

Ila njaa kabisa hatujalala. Kuna yeyo mmoja (mama wa Kimasai) boma la jirani, wala hajaokoka, ibadani alikuja mara moja akasinzia, kila asubuhi analeta maziwa kwenye kibuyu. Hataki hela (na hela yenyewe ningeitoa wapi).

Sasa chuoni tulifundishwa habari za George Müller wa Bristol, alilea yatima maelfu na hakumwomba mtu hata senti, yeye na Mungu wake tu. Ndo maana nimekaa kimya, mama mkwe akipiga simu namwambia Mungu ni mwema. Wife anataka turudi Pasua, kwetu Moshi. Nikirudi nimemkimbia Mungu? Nikibaki natesa watoto? Waliopitia naombeni ushauri, hata kusemwa napokea.

Chalii_wa_Sakina
Mkuu pole ila laki mbili na nusu kwa familia ya watu wanne hata ingekuja yote ni msoto. Njoo Arusha tupige zege, Jumapili unahubiri hukuhuku kwa Mrombo, wenye dhambi tupo wa kutosha 😂

Mama_Mchungaji_Mstaafu
Mwanangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Mimi na baba yenu tumekaa porini miaka kumi na moja, najua unachosema. Hapo kwa Müller ulifundishwa nusu. Ni kweli hakuwa anaomba watu hela, lakini kila mwaka alikuwa anatoa taarifa iliyochapishwa kabisa, kilichoingia na kilichotumika, watu wanasoma. Wewe unaficha, yeye alikuwa haombi, hayo ni mambo mawili. Ukimwambia mama mkwe uko vizuri wakati mtoto anaungua homa hiyo sio imani mwanangu, ni uongo na unajua.

Halafu soma tena Eliya, 1 Wafalme 17. Watu tunapenda wale kunguru waliomletea chakula kando ya kijito tunaishia hapo, kumbe kijito kilikauka! Mungu mwenyewe ndiye alimpeleka pale na kikakauka, wala hakumgombeza, akamwambia inuka uende Sarepta. Na yule mjane wa Sarepta hakuwa Mwisraeli, alikuwa mtu wa Sidoni huko, Yesu mwenyewe kalisema hilo Luka 4. Kwahiyo huyo yeyo wako usimhesabu kama mtu ambaye "hajaokoka", mhesabu kama mtu aliyetumwa kwako kabla wewe hujatumwa kwake.

Mangi_Mkimya
Uzi mzuri. Wanaokwambia tuombe, wao mshahara wao umekata? Uliza tu hilo.

Mmeru_wa_Akeri
Mtumishi hapa kwetu Akeri, Meru, wamisheni wawili wa Leipzig (misheni ya Walutheri wa Ujerumani), Ovir na Segebrock, waliuawa Oktoba 1896 pamoja na Wachaga walioongozana nao, wale Wachaga majina yao watu hata hawayataji. Kazi ilirudi Meru 1902, pale Nkoaranga. Na kwenu Moshi, CMS, wale wamisheni Waanglikana wa Uingereza, walifika 1885, wakaondoka 1892 maana Wajerumani hawakuwataka, mwaka uliofuata Leipzig wakaanzia Machame. Namaanisha kuondoka kwako hakuui kazi ya Mungu, na kubaki kwako sio ndo kunaishikilia. Amua kama baba wa watoto, usiamue kama mtu anayeogopa kuonekana kashindwa.

Ila kabla hujapanda gari, waandikie waliokutuma barua, sio meseji. Deni kiasi gani, miezi mingapi, mtoto aliumwa, unahitaji jibu mpaka tarehe gani. Paulo aliwaandikia Wafilipi wazi kabisa kwamba hakuna kanisa lingine lililoshirikiana naye ila wao, na Korintho alishona mahema. Hakuona aibu.

Mwinjilisti_wa_Pasua
Samahani kukaa kimya, huku netiweki mpaka upande kilimani. Mama shikamoo, nimesoma nikalia kidogo. Barua nimeiandika, kurasa mbili, mke wangu kaisoma akaongeza mwenyewe deni la maji nililokuwa nimelisahau. Mama mkwe nimempigia nikamwambia ukweli, kanisema weee, halafu jioni katuma elfu arobaini, nimeenda dukani kwa njia ya mbele.

Kurudi tumesogeza mpaka barua ijibiwe. Hapo kwa Paulo na mahema sasa, wife alisoma fundi cherehani kabla sijamuoa na cherehani yake iko Pasua kwa mamake, huku sare za shule watu wanazifuata mpaka Longido mjini. Nani anajua nauli ya mzigo Moshi mpaka Longido inakuwaje siku hizi? Ni ile ya kukanyaga na miguu, ya chuma, nzito.