Kanuni za roboti ziko kitabuni au kichwani mwa mkaguzi?

Wakuu, nimejipa siku tatu hasira ipoe. Haijapoa.

Ninalea timu ya roboti ya wanafunzi. Miezi minne watoto wamejenga mashine yao kitabu cha kanuni kikiwa mezani. Mota zisizidi nane, betri kuu moja ya volti 12, fyuzi ya ampea 20, roboti nzima iingie kwenye kisanduku cha inchi 18 kila upande kabla ya mechi. Vyote tulivitimiza. Na vipande vya plastiki vilivyochapwa kwa printa ya 3D, kitabu kinasema wazi: vinaruhusiwa.

Asubuhi ya mashindano mkaguzi akagusa kishikio cha mkono wa roboti, tulichokichapa kwa printa hiyo: "Hiki mmejitengenezea. Kitoeni." Nikamfunulia ukurasa wenyewe, hakuutazama. Eti wakaguzi walikubaliana jana yake jioni kwamba mwaka huu ni vifaa vya kununua tu. Jana yake jioni! Watoto wangejulia wapi?

Zilibaki dakika 25. Binti aliyekichora kishikio kile, akakirudia mara sita mpaka kikakaa, ndiye aliyekifungua, skrubu moja moja, bisibisi ikimtetemeka mkononi. Tukaukaza mkono kwa vifungo vya plastiki vya kufungia waya. Mechi ya kwanza ukalegea, mpira ukadondoka nje ya kikapu. Mechi ya pili haukuinuka kabisa.

Mipaka ya mota na betri naielewa. Bila hiyo, mwenye fedha angeshinda kwa nguvu tu, na fyuzi inazuia waya zikigusana zisiwashe moto. Lakini kipande cha plastiki kinamdhuru nani? Kwa timu isiyo na uwezo ndiyo njia rahisi ya kupata kifaa. Ukikikataza hicho, umeipendelea timu yenye pesa. Meza ya jirani walikuwa na kihisi cha ghali kisichomo kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, na kikapita. Siwalaumu watoto wale hata kidogo, nawalaumu waliokagua.

FIRST Tech Challenge, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, wana utaratibu wa maswali na majibu: timu inauliza kuhusu kanuni, jibu linasomwa na timu zote. Kwa nini sisi tutegemee neno la mdomo?

Nilidai fomu ya rufaa palepale. Nikaambiwa uamuzi wa mkaguzi haukatiwi rufaa. Nimelitafuta hilo kitabuni, ukurasa kwa ukurasa. Halimo.