Diski ya laki mbili na nusu, eti "studio masta", ndani mtangazaji anataja saa!

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiupeleke kwenye burudani. Huu ni utapeli.

Mimi ni mtu wa zilipendwa. Sikinde, Msondo, Maquis, Mbaraka Mwinshehe, hao ndio Jumapili yangu tangu nikiwa mdogo. Mwaka huu nikaamua nijenge kitu cha maana pale sebuleni: laptopu iwe ndiyo deki, DAC ya nje (kifaa kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya), amplifaya yangu ya zamani na spika mbili za kusimama. Hela nimeidunduliza miezi saba. Nikashuka Kariakoo kwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa sauti.

"Kaka, hii DAC ni biti 24 kHz 192. Halafu nikupe na diski ya TB 1, zilipendwa tupu, FLAC, studio masta. Wengine nawauzia laki tatu, wewe ndugu yangu lete mbili na nusu."

Kwa msiojua: biti na kHz hapo ni jinsi sauti inavyopimwa, kwa undani gani na mara elfu ngapi kwa sekunde. FLAC ni faili la sauti lisilotupa kitu, na studio masta ni nakala ya rekodi yenyewe ya studio.

DAC laki na themanini. Jumla laki nne na thelathini, bila bajaji ya kurudia nyumbani. Undugu gani huu?

Siku ya kwanza nawasha, spika zinavuma mmmmmm kama friji bovu. Nampigia ndugu yangu. Akasema amplifaya imechoka, nipeleke kwa fundi ibadilishwe kapasita. Nikapeleka, elfu sitini ikaondoka, narudi nyumbani mvumo uko palepale. Nampigia tena. Safari hii akanishauri nivunje ile pini ndefu ya juu kwenye plagi ya amplifaya! Wakuu, ile ni pini ya ethi, inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukiivunja, siku waya wa ndani ukigusa bati la amplifaya, anayekuja kuzungusha volyumu anapigwa na umeme wa volti 230. Nina mtoto wa miaka minne anayependa vitufe.

Dawa nimeipata kwa bahati. Umeme ulikatika ukarudi, chaja ya laptopu sikuichomeka, kimya! Nikachomeka, mmmmm. Kumbe chaja ina ethi, amplifaya ina ethi, nimezichomeka soketi mbili za kuta tofauti, na waya wa USB na waya wa sauti vinaziunganisha. Ethi inazunguka kama pete, na mvumo wa umeme wa Hz 50 unaingia humo hadi kwenye spika. Nikazihamishia zote ekstensheni moja yenye ethi nzima, mvumo ukapungua sana. Nikitaka kimya kabisa nachezesha kwa betri. Gharama yake shilingi sifuri. Elfu sitini yangu iko wapi?

Hapo nikaanza kumtilia shaka huyu mtu kwa kila alichosema. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, sehemu ya kuchagua ubora. DAC ya "24/192" inaonyesha biti 16 tu, kHz 44.1 na 48. Basi. Nikafungua skrubu nne, nikaweka tochi ya simu kwenye chipu: PCM2704. Wanaoijua wanacheka saa hizi. Chipu hiyo mwisho wake ni biti 16 na kHz 48, hata uiwekee nishani.

Msinielewe vibaya. Biti 16 kwa kHz 44.1 ndicho kipimo cha CD tangu 1982, kinabeba sauti mpaka karibu kHz 22, na sikio la mtu mzima hata kHz 20 halifiki. Kwa zilipendwa zilizorekodiwa kwa kanda pale Radio Tanzania kinatosha na kubaki. Angeniambia "hii ni ya 16/48, chukua elfu arobaini," ningechukua na kumshukuru. Kinachoniuma ni kulipishwa namba iliyobandikwa kwenye kasha.

Sasa diski. Jamani, diski!

Faili zote kweli ni FLAC, na kweli zimeandikwa 24/192. Wimbo mmoja unakula MB 200 na ushee. Lakini gitaa la solo limefifia, matoazi yanalia kama mtu anakunja mfuko wa rambo. Nikajua labda ni Windows, maana kawaida yake hukoroga sauti zote pamoja na kuzibadilisha kuwa kipimo kimoja. Nikaweka foobar2000, programu ya kuchezesha muziki, nikaiambia ishushe faili hadi kHz 48 ambayo DAC inakubali, kisha nikapitisha sauti kwa WASAPI, njia inayokwepa mkorogo huo wa Windows, hadi kwenye DAC. Matoazi ni yaleyale.

Nikashusha Spek, programu ya bure inayochora sauti iwe picha. Nikaingiza faili moja, mbili, arobaini. Zote juu ya kHz 16 ni giza. Zimekatwa mstari mmoja ulionyooka kama nyasi za ikulu. Hiyo ndiyo alama ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde na ndugu zake, ambazo hutupa sauti za juu ili faili liwe dogo. Mtu kapakua vitu vya chini mtandaoni, kavigeuza kuwa FLAC, kavivimbisha kufika 192. Maziwa yakishatiwa maji, kuyahamishia kwenye ndoo kubwa hakuyarudishi.

Kuna mjuaji atakuja hapa kusema kanda za zamani hazina sauti za juu. Sawa mkuu, lakini kanda hufifia polepole, na ule mchakacho wake unaendelea huko juu. Kanda haikatwi kwa rula.

Pigeni hesabu: wimbo wa dakika 8 kwa kilobiti 128 ni MB 8 hivi. Nyimbo zote nilizouziwa kwenye TB nzima zingeingia kwenye flashi ya GB 64 na nafasi ikabaki. Nimenunua hewa kwa bei ya kilo.

Nimempelekea picha za Spek kwa WhatsApp. Jibu: "Kaka, mali ikitoka dukani hairudi. Halafu hizo programu zako zinadanganya." Tiki mbili za buluu, kisha kaniblock.

Na najua mtanisema kwamba kununua nyimbo za kukopi ni kuwaibia wenye kazi zao. Ni kweli, nakubali, hapo sina pa kujificha. Wapo wazee waliopiga magitaa yale ambao hawakuambulia hata mia katika laki mbili na nusu yangu.

Jumamosi naenda dukani kwake na laptopu, nimchezeshee mbele ya wateja. Kama na wewe umeuziwa diski ya namna hii, fungua folda iliyoandikwa STUDIO MASTER 02, wimbo wa tisa, nenda dakika ya 6 na sekunde 40. Gitaa linashuka, saksafoni inaingia, halafu mwanamke wa redioni anakwambia, kwa biti 24 na kHz 192, kwamba sasa ni saa tatu na nusu usiku.