Naomba ushauri: Tiresias, mtu mmoja jukwaani, dakika 40

Kijiti_Kla: Habari za humu. Naandaa mchezo wa mtu mmoja kwa Kiswahili. Tiresias, mwaguzi wa hadithi za kale za Kigiriki, anawapiga kwa fimbo nyoka wawili wanaopandana, anageuka mwanamke. Mwaka wa nane anawapiga tena, anarudi mwanamume. Nataka kuchu (ndivyo mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia wa Uganda wanavyojiita) ajione humo bila hotuba. Tatizo: kwenye majaribio watazamaji hawajui amegeuka saa ngapi.

Pazia_Jekundu: Umeyategemea maneno. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke kwa "he" na "she". "A-" yetu ni ya wote, na Kiganda vilevile. Mwili ndio useme. Tumia salamu: kabla ya nyoka anapigiwa magoti, anaitwa ssebo, yaani bwana. Baada ya nyoka anapiga goti yeye, anaitwa nnyabo, yaani bibi. Goti la kwanza likwame katikati, hesabu tatu, ndipo lifike chini. Salamu ya pili lishuke lenyewe. Hapo ndipo amegeuka, nyoka ni kelele tu. Sauti nyembamba usiiguse, utachekwa hadi mwisho. Tena unayo zawadi ya hapahapa: binti wa kabaka, mfalme wa Buganda, naye huitwa ssebo. Mstari mmoja, usiufafanue.

Fundi Taa: Nguo usibadili. Chukua lubugo mmoja, kitambaa cha gome la mti: wanaume huufunga begani, wanawake huuzungusha mwilini kwa mshipi kiunoni. Afungue na kufunga mbele ya watu, polepole. Mazoezi ufanye na lubugo wenyewe. Ukizoea leso, fundo litakusumbua siku yenyewe.

Kijiti_Kla: Asanteni sana. Na ule ubishi wa miungu Juno na mumewe Jupiter, nani hufaidi zaidi mapenzi, mwanamume au mwanamke, Tiresias akiwa mwamuzi: sauti tatu?

Pazia_Jekundu: Juno kushoto, Jupiter kulia, macho juu ya safu ya mwisho, Tiresias mbele. Geuka robo tu. Ukigeuka nusu, watu wanaona sikio na sauti inapotelea ukutani. Futa kila "akasema". Juno akishampofusha, macho yako yabaki wazi lakini yasimfuate mtu yeyote tena.

Nyuma_ya_Jukwaa: Mnasahau kubwa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vipengele vichache vya sheria ya 2023 dhidi ya ushoga, lakini kosa la "kukuza" ushoga lilibaki, kifungo hadi miaka 20. Ukale wa hadithi si kinga. Mwaka 2012 mtayarishaji Mwingereza alikamatwa Kampala kwa mchezo uliochezwa bila idhini ya Media Council, baraza linalosimamia vyombo vya habari na maonyesho. Wakili asome nakala nzima kabla hujachapa bango, na mwenye ukumbi ajue anachokaribisha. Simu zibaki mlangoni, usirekodi, majina ya wageni yasiandikwe popote.

Kijiti_Kla: Nimeelewa, bango linasubiri. Nakala sasa ina maneno 5,200.

Fundi Taa: Ndefu. Kwa maneno 100 kwa dakika ni dakika 52 kabla ya kimya chochote, na goti lako linahitaji kimya. Shusha hadi 3,500. Anza kukata sehemu ya nyoka.