Tupeane uzoefu: Hela za umoja wa wafanyabiashara ziliishia wapi kwenu?

Muuza Mitumba: Wakuu, jana natafuta risiti ya kizimba nikakutana na daftari la umoja wetu la 2016. Mwanzo raha tupu: watu 30, hisa moja shilingi 2,000, mfuko wa jamii (wa shida na misiba) 500, kila mmoja na sahihi yake. Kufika katikati ni "atalipa wiki ijayo" ukurasa mzima. Kwenu ilikuwaje?

Mama Lishe wa Stendi: Hiyo "wiki ijayo" imenitonesha. Sisi tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Desemba 2019, siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba ya mwaka, tumepika na pilau. Nilishapiga hesabu ya sare na madaftari ya mwanangu anayeingia kidato cha kwanza. Sanduku kufunguliwa, ndani vikaratasi: "nimechukua laki tatu, nitarudisha." Sahihi za wenye funguo wote watatu! Mmoja ni shoga yangu, ndiye aliyenipeleka leba nikamzaa mtoto huyohuyo. Kashika kufuli analigeuza geuza, hanitazami. Pilau ilipoa sufuriani, hakuna aliyepakua.

Fundi Cherehani: Pole sana mama. Na sisi yametukuta.

Duka la Kona: Na nyie wanachama mlikuwa wapi mwaka mzima? Hela haihesabiwi kila kikao?

Mama Lishe wa Stendi: Tulihesabu ya siku hiyo, inatumbukizwa. Ya nyuma tunasomewa daftarini. Usinilaumu kwa kumwamini mtu.

Kijana wa Bajaji: Sisi tuliponzwa na mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu; sisi fungu la vijana. Andiko la mradi lilisema bajaji za kikundi. Hela kuingia tu, tukagawana, kila mtu kwao. Marejesho tukabaki watatu kulipia kumi.

Muuza Nyanya: Hamieni kikoba cha kwenye simu. Kwetu shilingi ikitoka, meseji inatufikia wote.

Duka la Kona: Simu baadaye. Sajilini kikundi kwanza, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo. Bila cheti mtadai kwa karatasi gani?

Fundi Cherehani: Tulisajiliwa na tukaibiwa. Funguo mpeni asiye na shoga kikundini!

Muuza Mitumba: Mama Lishe, shoga yako alirudisha?

Mama Lishe wa Stendi: Alikuwa analeta elfu ishirini ishirini, tukagawana. Corona ilipokuja stendi ikakosa abiria, akasimama. Imebaki elfu sitini. Mumewe alifariki mwaka jana, nikaenda kumpikia msibani. Sijamdai tena.