Naomba ushauri: kumrudisha mteja kitandani bila kumchubua

Wakuu, habari za kazi. Namhudumia kaka aliyepooza kuanzia kiunoni. Anaishi peke yake na anataka iendelee hivyo. Kitanda kina urefu wa sm 62 kutoka sakafuni, kiti mwendo sm 50 pamoja na mto wake. Kushuka hakuna shida: breki zote mbili zinafungwa, mkono wa kiti upande wa kitanda unatolewa, ubao unaingizwa chini ya paja, anateleza mwenyewe. Kurudi ndiyo kazi, ubao unapanda na makalio yanaburuzwa.

Sasa juu ya mfupa wa mkia pana alama iliyokoza, ya moto na ngumu ukigusa. (Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona wekundu.) Nina hofu ni kidonda cha mgandamizo (cha kukaa au kulalia sehemu moja muda mrefu) kinaanza, hivyo pale hapakandwi kabisa, na usiku anajigeuza kwa kengele ya simu kila baada ya saa mbili.

Nimwite fundi akate miguu ya kitanda sm 12, au nibadili godoro? Godoro jembamba naliogopa, mifupa itagusa mbao. Na mto wa hewa unafaa kwake? Ukijaa mno unayumbisha, ukipungua mfupa unakaa chini kabisa. Aliyewahi kuutumia anielekeze namna ya kupima hewa.